Madeni Yaliyozidi Uwezo: Sheria Yasemaje, na Jamaa Wafanye Nini

Mazungumzo yaliyosomwa katika mkutano wa ukoo, kikao cha alasiri

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mashangazi na wajomba, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliozaliwa ughaibuni,

Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo katika mikutano yetu iliyopita halikupata kutajwa hadharani, ingawa limetajwa sana jikoni na katika simu za usiku. Jambo lenyewe ni deni. Sikusudii deni la kukopeshana kibaba cha mchele, bali lile ambalo mtu akiketi akalipigia hesabu huona kwamba hata akifanya kazi miaka kumi hatalimaliza, kwa kuwa riba inakua upesi kuliko mshahara. Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kuwashauri wenye madeni katika mji mmoja wa hapa Uingereza, na wanaokuja mbele ya meza yangu ni watu wa kila taifa. Watu wetu nao huja, ila huja wamechelewa.

Mtu wetu akizidiwa na madeni, wa kwanza kujua ni mama, wa pili ni dada, wa tatu ni ami aliyeko Maskati. Mshauri au wakili huwa wa kumi, naye huitwa baada ya wale tisa kwisha kutoa, kuuza, kuhamisha na kutia sahihi. Kila mmoja amefanya hayo kwa mapenzi, na sisemi kwamba mapenzi ni kosa. Lakini sheria ya kufilisika huyatazama mambo hayo kwa jicho jingine. Yapo ambayo huyatengua hata baada ya miaka, na yapo ambayo humfungia mdaiwa mlango uliokuwa wazi kwake siku moja kabla. Kwa hiyo nitawasihi jambo moja tu, kwamba ushauri utangulie na msaada ufuate, nami nitaeleza kwa nini.

Nieleze kwanza kwamba sheria nitakayoisimulia ni ya Uingereza yenyewe pamoja na Wales. Ndugu zetu wa Glasgow wanajua kwamba Scotland ina utaratibu wake, wenye majina yake na masharti yake. Walioko Marekani na Ghuba nitawagusia baadaye.

Nianze na hofu, kwa sababu hofu ndiyo inayotia barua ndani ya droo bila ya kufunguliwa. Wazee wetu wengi walipitia Ghuba kabla ya kufika huku, na huko walishuhudia watu wakitiwa ndani kwa hundi iliyorudi. Hofu hiyo wameirithisha watoto. Hapa pia palikuwa na zama hizo. Baba yake Charles Dickens, yule mwandishi mashuhuri, alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea mjini London mwaka 1824. Gereza hilo lilifungwa mwaka 1842, na sheria ya mwaka 1869 ikakomesha kwa sehemu kubwa kifungo cha deni. Leo hii mtu aliyeshindwa kulipa kadi ya mkopo, mkopo wa benki au bili ya umeme hatendi jinai, wala hafungwi kwa sababu hiyo. Faini iliyotozwa na mahakama ya jinai ni jambo jingine, na hiyo isichezewe hata kidogo. Kadhalika mtu akisema uongo mbele ya wasimamizi wa kufilisika, uongo wenyewe waweza kuwa jinai. Deni peke yake silo.

Sasa niitaje milango iliyopo, kwa kuwa wengi huujua mmoja tu.

Mlango mdogo kuliko yote ni amri ya msamaha wa madeni, ambayo kila mtu huiita DRO. Ilianza mwaka 2009, nayo iliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na nyumba, asiye na akiba ya maana, na ambaye akishatoa matumizi ya lazima habakiwi na kitu. Tangu mwezi wa Juni 2024, jumla ya madeni isizidi pauni 50,000, gari lisizidi thamani ya pauni 4,000, mali nyingine isizidi pauni 2,000, na salio la mwezi lisizidi pauni 75. Ada yake, iliyokuwa pauni 90, iliondolewa mwezi wa Aprili 2024, na sasa haina malipo yoyote. Mtu hawezi kujiombea mwenyewe. Huombewa na mshauri aliyeidhinishwa. Wadai huzuiwa kwa mwaka mmoja, na mwaka ukitimia bila ya hali yake kubadilika, madeni yaliyotajwa humo hufutika.

Mlango wa pili ni kufilisika kwenyewe. Mdaiwa anaweza kuomba mwenyewe, na tangu mwaka 2016 haendi tena mbele ya hakimu. Hujaza maombi kwa njia ya intaneti na kulipa ada ya pauni 680, ambayo anaruhusiwa kuilipa kidogo kidogo, ila maombi hayasikilizwi mpaka iishe. Mdai naye anaweza kumpeleka mahakamani ikiwa anadai pauni 5,000 au zaidi. Amri ikishatoka, mali ya mdaiwa huingia mikononi mwa Msimamizi Rasmi wa serikali, na mara nyingine mikononi mwa msimamizi mwingine atakayeteuliwa. Vyombo vya nyumbani vya kawaida na zana za kazi huachiwa mwenyewe. Baada ya miezi 12, kwa kawaida, huachiliwa kutoka kifungo hicho cha kisheria. Zamani, kabla ya mwaka 2004, ilikuwa miaka mitatu. Anayebakiwa na ziada katika mshahara wake anaweza kutakiwa kuchangia kwa muda wa hadi miaka mitatu, na habari hukaa katika kumbukumbu za mikopo kwa miaka sita. Aliyefanya hila huongezewa vikwazo vya kuanzia miaka miwili hadi 15.

Mlango wa tatu ni mapatano ya hiari na wadai, yaani IVA. Mdaiwa hulipa kiasi fulani kila mwezi, aghalabu kwa miaka mitano au sita, na mapatano huwafunga wadai wote ikiwa wale waliopiga kura wakashikilia asilimia 75 ya thamani ya madeni katika kukubali. Kwa mwenye nyumba asiyetaka kuipoteza, na mwenye mshahara wa kutegemeka, mlango huu una faida zake. Lakini huu ndio mlango unaouzwa. Mtaona matangazo yake yakiahidi kufuta deni kwa jina la eti mpango mpya wa serikali, na akipigiwa simu ndugu yenu huambiwa kwamba milango mingine haimfai, kabla hata ya kuulizwa anapata mshahara gani. Nimeona watu waliostahili DRO, isiyo na malipo na ya mwaka mmoja, wakiwa wamefungiwa katika IVA ya miaka sita, na mapatano yakivunjika mwaka wa tatu deni linarudi karibu kama lilivyokuwa, kwa kuwa fedha za mwanzo zilikwenda katika ujira. Mwaka 2023 mamlaka ya fedha, FCA, iliwapiga marufuku makampuni ya ushauri yaliyokuwa yakiishi kwa kupokea malipo kutoka kwa wale waliowapelekea wateja. Hatua hiyo imesaidia, lakini haijayamaliza matangazo.

Kabla ya kuchagua mlango wowote, iko nafasi ya kuvuta pumzi. Tangu tarehe 4 Mei 2021 mshauri wa madeni anaweza kumwombea mtu siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kuongeza riba wala kumfuata. Kodi ya nyumba na bili za mwezi unaokwenda ziendelee kulipwa. Mtu aliye katika matibabu ya dharura ya maradhi ya akili ana haki ya muda mrefu zaidi, na sisi tunaoona aibu mbili kwa pamoja, ya deni na ya maradhi, tulijue hilo.

Ndugu zangu, hapa ndipo nifikapo kwenye kiini cha mazungumzo, na nitakaa hapo kidogo.

Tuchukue mfano. Nimeubuni, simlengi mtu yeyote aliyeketi humu, na tafadhali msianze kutazamana. Kijana wetu ni dereva wa teksi. Amepanga nyumba. Anadaiwa pauni 17,000 za kadi, pauni 9,000 za mkopo wa benki, na pauni 5,000 za kodi ya nyumba na kodi ya manispaa, jumla pauni 31,000. Gari lake lina thamani ya pauni 3,500, na kila mwezi hubakiwa na pauni 40. Ukimtazama hivyo, DRO ni yake. Lakini dada yake alimkopesha pauni 4,000 mwaka juzi, na dada huyo ana harusi ya binti. Kijana anaona haya. Anaposikia kwamba atafilisika, anasema moyoni, benki watapata hasara, potelea mbali, lakini dada yangu asipoteze. Anauza dhahabu ya mkewe kwa ridhaa yake, anachukua mkopo wa mwisho, anamlipa dada. Mama analia kwa furaha, na ukoo mzima unamsifu.

Sheria ya mwaka 1986 inayoitawala kazi hii huliita jambo hilo upendeleo. Mtu aliyekwisha kuzidiwa na madeni hapaswi kumlipa mdai mmoja akawaacha wengine kwa kutaka kumpendelea. Akimlipa mgeni, sheria hutazama nyuma miezi sita. Akimlipa jamaa wa karibu hutazama nyuma miaka miwili, na nia ya kumpendelea huhesabiwa kuwa ipo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jamaa hao sheria imewaorodhesha: mume na mke, wazazi na watoto, mababu na wajukuu, ndugu, ami na mjomba, shangazi na halati, na watoto wa ndugu. (Mabinamu hawamo katika orodha hiyo. Waingereza hawakuujua undugu wetu wa mabinamu.) Matokeo yake ni kwamba kijana wetu anaweza kukataliwa DRO kwa sababu ya malipo yale, na akiingia katika kufilisika, msimamizi anaweza kumwandikia dada na kuzitaka zile pauni 4,000, ambazo wakati huo zimekwisha kuliwa katika biriani ya harusi. Kijana alikusudia kumwokoa dada, akamtia katika kesi.

Jambo la pili ni kuhamisha mali. Husemwa, iandike nyumba kwa jina la kaka yako kabla hawajaja. Mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa, msimamizi anaweza kuifuata kwa miaka mitano nyuma, na ikithibitika kwamba kusudi lilikuwa kuwakimbiza wadai, sheria nyingine haina hata huo ukomo wa miaka. Aliyeipokea hulazimika kuirudisha au kulipa thamani yake, na aliyeitoa ndiye yule atakayeongezewa vikwazo. Ushauri wa namna hiyo hutolewa na watu wazima wenye heshima zao, kwa sauti ya kunong'ona, na ni bora usitolewe.

La tatu linatuhusu sisi zaidi ya wengine, nalo ni urithi ambao haujagawanywa. Wengi wetu tuna sehemu katika nyumba ya babu, ikiwa Mombasa, Unguja au Lamu, ambayo hati yake bado ina jina la marehemu aliyefariki miaka 30 iliyopita. Tunaposema "sina mali" tunasema kweli kwa namna tunavyoelewa sisi. Sheria ya hapa huhesabu mali ya mufilisi popote ilipo duniani. Sehemu ya urithi nayo ni mali, hata kama ni chumba kimoja na nusu ya ukumbi, na inaweza kumtoa mtu katika masharti ya DRO. Isitajwe, na baadaye ikagundulika, hapo ndipo deni lisilo jinai linapogeuka kuwa kesi ya kuficha. Itajwe, na mara nyingi jambo huwa jepesi kuliko lilivyoogopewa. Msimamizi hupima thamani ya fungu hilo na gharama za kulifuatilia ng'ambo, na ndugu wanaweza kulinunua fungu hilo kwake kwa thamani ya haki, nyumba ikabaki katika ukoo. Ili hayo yawezekane, karatasi ziwepo: nani warithi, mafungu yao ni mangapi, nyumba ina thamani gani. Nadhani Jumuiya ingefanya kazi ya maana kuliko vitabu vyetu vya picha kama ingesaidia kila tawi kukamilisha hati za mirathi yake. Aidha, mufilisi akirithi chochote kabla hajaachiliwa, anatakiwa kumwarifu msimamizi, naye anaweza kukichukua.

La nne ni fedha za watu. Baadhi yetu tunashika upatu wa akina mama, au mfuko wa mazishi, ndani ya akaunti zetu wenyewe. Fedha za amana si mali ya aliyezishika, na sheria inakubali hivyo, lakini ni lazima aweze kuonesha ni za nani. Zikichanganyika na mshahara wake katika benki ileile inayomdai, atakuwa na kazi kubwa ya kuzitenganisha. Anayeshika upatu awe na daftari na akaunti iliyo mbali. Na anayedaiwa michango ya upatu aliyokwisha kuupokea, deni hilo naye aliorodheshe kama mengine. Najua mtanuna, lakini hivyo ndivyo.

La tano ni dhamana. Mtu akifilisika, anayefutiwa deni ni yeye. Mdhamini wake hubaki palepale, tena peke yake. Katika deni la watu wawili kwa pamoja, kila mmoja anadaiwa lote, wala si nusu. Lakini mke hadaiwi deni la mumewe kwa sababu tu ni mkewe, wala watoto hawadaiwi deni la baba aliyefariki. Hilo hulipwa kutoka katika alichokiacha, na kisipotosha basi. Wanaotaka kumlipia marehemu kwa kuitakasa dhima yake, hiyo ni khiyari yao na dini yao, ila wasilipe kwa kutishwa na barua ya benki. Juu ya wake wanaotakiwa kuweka nyumba rehani kwa biashara za waume zao, mahakama ya juu ya hapa iliamua mwaka 1993, katika kesi ya Barclays na O'Brien, kwamba benki haiwezi kujifanya kipofu pale mke anapodhamini kwa kudanganywa au kushinikizwa, na mwaka 2001, katika kesi ya Etridge, ikaweka utaratibu wa wakili kumweleza mke hatari zote kabla hajatia sahihi. Basi, dada zangu, wakili akikutaka uzungumze naye faragha bila ya mume kuwepo, usimwone mfitini. Anatimiza kazi yake. Na kama ulitia sahihi bila ya kuelezwa lolote, mwambie mwanasheria. Huenda dhamana hiyo ina kasoro.

Nyumba anayoishi familia inahitaji maneno yake peke yake. Ikiwa mufilisi ana fungu katika nyumba, msimamizi ana miaka mitatu ya kulishughulikia, na akipitisha muda huo bila ya kuchukua hatua, fungu humrudia mwenyewe. Ikipelekwa mahakamani iuzwe, katika mwaka wa kwanza hali ya mke na watoto huwekwa mizanini. Baada ya mwaka maslahi ya wadai hutangulia, ila ikiwa kuna jambo lisilo la kawaida. Hapa ndipo msaada wa ami wa Maskati unapofaa. Fedha ambazo zingemwagwa katika riba za kadi zinaweza kulinunua fungu la mufilisi kutoka kwa msimamizi, kwa barua na kwa wakili, na watoto wakalala palepale. Vilevile jamaa anaweza kutoa fungu moja la fedha, likapelekwa kwa wadai na mshauri kama toleo la kumaliza deni, na mara nyingi wadai huridhika na chini ya wanachodai. Sharti ni kwamba fedha hizo zibaki mkononi mwa mtoaji mpaka mshauri aseme. Zikishaingia katika akaunti ya mdaiwa, zimekuwa mali yake na riziki ya wadai wake.

Sasa, mtu aende wapi? Ushauri wa madeni hapa ni bure. Citizens Advice, StepChange na National Debtline hawatozi senti, na katika miji mingi yako pia mashirika ya sheria ya mtaa, ambayo huitwa law centre. Anayetaka ada kabla ya kuona karatasi zenu muogopeni. Mshauri wa kweli ana idhini ya FCA, na wakili wa kweli jina lake limo katika orodha ya Solicitors Regulation Authority. Yote mawili mtu huweza kuyatafuta mwenyewe. Msaada wa serikali wa kulipia mawakili ulipunguzwa mno tangu Aprili 2013, na deni la kawaida halimo tena, lakini nyumba ikiwa hatarini umo. Tangu Agosti 2023 anayetishwa kunyang'anywa nyumba hupata ushauri wa bure, na siku ya kesi hupata mtu wa kumsemea mahakamani bila ya kuulizwa kipato chake. Wangapi wetu wamekwenda siku hiyo peke yao, au hawakwenda kabisa?

Mambo ambayo mshauri wa kawaida hukuambia "hapa tafuta wakili" ni machache. Mdai akikuletea hati rasmi ya kudai, ile itangulizwayo kabla ya kukufilisi, una siku 18 za kuomba itenguliwe ikiwa deni unalipinga, na baada ya siku 21 anaweza kuendelea. Msimamizi akimdai jamaa yako arudishe malipo, jamaa huyo ana haki ya wakili wake mwenyewe. Dhamana za biashara, na deni lililochanganyika na talaka, ni hayohayo. Kesi ya kawaida ya deni ikiletwa kwa barua kutoka mahakama ya kaunti, una siku 14 za kujibu, na ukithibitisha kuipokea huwa 28. Usipojibu, hukumu hupita bila yako. Na deni la kadi ambalo halikulipwa wala kukiriwa kwa maandishi kwa miaka sita, wala halikufikishwa mahakamani, huenda likawa limepitwa na wakati. Kwa hiyo barua ya deni la kale isijibiwe kwa haraka, maana kulipa pauni tano za kuonesha nia njema kabla ya muda huo kwisha huanzisha hesabu upya.

Kuhusu mabelifu, yaani madalali wa mahakama, nitasema kidogo, kwa ajili ya mabibi wanaobaki nyumbani mchana. Kwa deni kama la kodi ya manispaa, katika ziara ya kwanza hawana ruhusa ya kuvunja mlango. Msiwafungulie. Zungumzeni nao kwa kupitia dirishani. Haya yetu ya kumkaribisha mgeni, siku hiyo iwekeni kando, kwani wakishaingia kwa ridhaa yenu wanaweza kuorodhesha vitu, na watarudi wakiwa na nguvu nyingine. Nyumba yenye watoto peke yao hawaruhusiwi kuingia. Na gari lililoegeshwa nje halina mlango wa kulilinda.

Kwa walioko Marekani, majina ni mengine lakini onyo ni lilelile. Huko wengi hufuata Chapter 7, ambayo hufuta, au Chapter 13, ambayo hupanga malipo ya miaka mitatu hadi mitano, na kabla ya kuomba mtu hutakiwa apate ushauri wa mikopo ndani ya siku 180. Malipo kwa jamaa hutazamwa mwaka mmoja nyuma. Walioko Imarati wajue kwamba mwaka 2019 ilitungwa sheria ya kushindwa kulipa kwa watu binafsi wasio wafanyabiashara, ikaanza kutumika mwaka 2020, na kwamba tangu Januari 2022 hundi iliyorudi kwa kukosa fedha, kwa kawaida, si jinai tena kama zamani, ingawa mwenye kudai anaweza kuipeleka moja kwa moja katika utekelezaji. Asiondoke mtu usiku kwa ndege akadhani amelimaliza deni la huko.

Mzee mmoja aliniuliza kabla ya kikao: je, deni lililofutwa na serikali limefutika na mbele ya Mungu? Hilo si la kiti changu, na shekhe wake atamjibu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba sheria humzuia mdai kukulazimisha, haimkatazi aliyeachiliwa kulipa kwa hiari yake siku akijaaliwa. Nawajua waliofanya hivyo, kwa dada zao kwanza. Baada ya kuachiliwa, hilo halina upendeleo wala kesi.

Yapo pia ambayo kufilisika hakuyafuti: faini za mahakama, matunzo ya watoto, mkopo wa serikali wa chuo kikuu, na deni lililopatikana kwa udanganyifu. Rehani ya nyumba nayo hubaki juu ya nyumba. Na kwa muda ule wa kufilisika mtu hawezi kukopa pauni 500 au zaidi bila ya kumweleza mkopeshaji hali yake, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ya ruhusa ya mahakama, wala kuwa mdhamini wa shirika la hisani. Nayasema haya ya mwisho ili kama tutaandikisha Jumuiya yetu kuwa shirika la hisani, mjumbe wa kamati akijiuzulu ghafla bila ya kueleza sababu, tusimwandame kwa maswali.

Mheshimiwa Mwenyekiti, baada ya chakula nitakuwa katika chumba kidogo kilicho karibu na ngazi, mpaka saa kumi na mbili. Mwenye barua aje nazo, na zile ambazo hazijafunguliwa zaidi. Akipenda aje na mkewe au mumewe. Sitoandika jina la mtu, na atakayetuona tukitoka ataambiwa tulikuwa tukizungumzia viza.